Niliipa Pikipiki Nguvu, Mume Wangu Akanyamaza

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana Ijumaa ndiyo siku niliyoambiwa niende ofisi ya vifurushi kuchukua pistoni kubwa nilizoagiza, na mpaka naandika hivi sijui kama nikazichukue au niwaambie wazirudishe zilikotoka.

Mimi ni daktari wa mifugo, nina miaka arobaini na mitatu na watoto wawili walio shule ya bweni, na pikipiki yangu ni ya cc mia nne, si ndogo wala si kubwa, imenibeba miaka sita nikienda kuzalisha ng'ombe na kuchanja mbuzi na haijaniacha njiani hata siku moja. Mume wangu ni fundi cherehani. Macho yake yamepungua nguvu, anaona vizuri kitambaa kilicho mkononi mwake lakini cha mbali kwake ni ukungu mtupu, kwa hiyo haendeshi chochote, mimi ndiye ninayempakia. Kila Jumamosi mchana tulikuwa tunatoka, hatuendi popote pa maana, mimi naendesha polepole namsimulia njia, kwamba pale wamepaka ukuta rangi ya bluu, yule bwana wa duka ameota kitambi, mahindi ya huku yameungua na jua, naye nyuma anacheka, anauliza, anabisha, basi mpaka tunarudi nyumbani mdomo haujafungwa.

Sasa ana mdogo wake, shemeji yangu, sote tunamwita Kasi, naye ana pikipiki ya ukubwa uleule wa yangu ila ameibadilisha kila kitu, na tukiongozana hunipita huku amekaa upande kama mtu aliye kwenye kochi. Siku moja tumekusanyika kwa mama mkwe, mimi naondoka, akasema mbele ya watu, "Shemeji, hivi kaka alikupa pikipiki au alikupa cherehani? Maana hiyo nasikia inashona." Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikaenda kwa fundi wa Kasi. Nikaweka ekzosi mpya, yaani bomba la moshi, fundi akasema ekzosi haina maana bila chujio la hewa la wazi, nikaweka, akasema chujio halina maana bila kupanga upya kompyuta ya injini, ikapangwa, kisha akabadilisha sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha mnyororo, ili mbio zipatikane kwenye barabara ndefu, na zilipatikana kweli, siwezi kusema uongo, ule mlio mzito ulipoanza nilijisikia msichana wa miaka ishirini. Lakini kwenye vilima vya kazini kwangu ikaanza kugoma, nikiwa na sanduku la dawa nyuma lazima nishuke mpaka gia ya kwanza, petroli inakunywa kama ina homa, na siku nilipoitwa kwa bibi mmoja mfugaji ambaye ng'ombe wake alikuwa amekwama na ndama, ng'ombe wengine waliposikia nikiingia uani walivunja uzio wakatawanyika. Ndama alitoka salama. Bibi alininawisha mikono halafu akasema kwa upole, "Daktari, mimi nilikuita wewe, sikuita radi. Siku nyingine hiyo iache njia panda, uje kwa miguu." Nikaona aibu, lakini nikajiambia ni mambo ya wazee.

Jumamosi iliyopita tukatoka watatu, Kasi mbele, mimi na mume wangu nyuma. Kwenye ule mteremko mrefu nikafungua mafuta, nikamfikia, nikampita. Mshauri, nilimpita. Nilikuwa bado nacheka ndani ya helmeti nilipoona gari la maziwa linatoka taratibu kwenye njia ya shamba, nikashika breki, na breki ni zilezile za zamani ambazo sikuwahi kuzigusa, zikashika nusu, kona ikanishinda, tukaacha lami tukaingia kwenye shamba lililokuwa limelimwa siku hiyohiyo. Udongo laini ndio uliotuokoa. Nilianguka upande, nikanyanyuka, nikamwona mume wangu ameketi kwenye tuta anapapasa miwani yake, na nilipomkimbilia akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mke wangu, tumefika?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Hakuumia popote, mimi ni michubuko tu. Tulikaa pale kwenye udongo tukisubiri Kasi atufikie, na nikamwomba msamaha, ndipo akasema, "Mbio sikuziogopa sana. Mimi miezi mitatu sasa nakaa nyuma yako sijui napita wapi. Husemi kitu, na hata ukisema sikusikii." Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Wiki ya kwanza nilikuambia mara tatu. Hukusikia. Nikaona nisiongeze kelele juu ya kelele."

Mimi sikuwa nimegundua. Miezi mitatu, mtu kakaa mgongoni kwangu, sikugundua.

Kasi alikuja mbio, midomo imemkauka, akatusaidia kuinua pikipiki, lakini tulipofika nyumbani na chai imeingia tumboni akasema tatizo ni kazi ya nusunusu, nikiweka zile pistoni injini itakamilika na kila kitu kitakaa sawa, na fundi wake kwenye simu akasema hivyohivyo. Mume wangu nilipomuuliza alisema, "Chombo ni chako, amua wewe," akarudi kwenye suruali ya mteja. Tangu siku ile kila nikimwona amekaa mezani anapima kitambaa, najua tumeponea chupuchupu. Lakini ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba zile sekunde nilipompita Kasi zilikuwa tamu, na bado nazitamani. Je, kuongezea nguvu pikipiki ya namna hii kuna faida, au nimejidanganya? Na huyu mume wangu anayesema niamue mimi, amenisamehe au amenisusa?

Ni mimi, daktari wa mifugo

JIBU

Daktari, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta kiti nilipofika pale mume wako alipouliza kama mmefika. Mko wazima. Lishike hilo kwanza, mengine yote yana dawa.

Sasa nikugombeze kidogo. Wewe humchomi ng'ombe sindano kwa sababu jirani amemcheka. Unampima joto, unamsikiliza tumbo, unauliza anakula nini, ndipo unafungua sanduku. Pikipiki yako ilikuwa nzima miaka sita, ukaitibu ugonjwa wa kuchekwa. Na aliyechekwa si pikipiki.

Swali lako la ufundi nimelipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye hauzi vipuri, maana ukimuuliza muuza kofia kama kichwa chako kinahitaji kofia, jibu unalijua. Alinisikiliza akiwa anafuta mikono na tambara, kisha akasema pikipiki ya ukubwa huo kiwandani imeshapimwa kila upande, ukiibana ikupe nguvu za farasi mbili tatu huku juu kwenye mbio kubwa, mara nyingi inazichukua kule chini kwenye mwendo mdogo, na chini ndiko wewe unakofanyia kazi, kwenye vilima, na mzigo nyuma. Hizo pistoni alizikataa hata kabla sijamaliza sentensi. Alisema zitaleta joto zaidi, injini itachoka mapema, na mbele ya gari la maziwa utafika haraka zaidi ukiwa na breki zilezile. Anayetaka mbio za kweli, alisema, auze hiyo anunue kubwa, itamtoka fedha ndogo kuliko ya kulazimisha mbuzi awe farasi.

Lakini hakusema usibadilishe kitu. Alisema watu huanza kwenye injini kwa sababu injini inasikika, ilhali faida iko kwenye vitu visivyopiga kelele. Pedi nzuri za breki na mipira mipya ya kupitishia mafuta yake. Matairi yanayoshika vumbi na lami. Shokapu zilizopangwa kwa uzito wa watu wawili, maana zako zimepangwa kwa mtu mmoja mwembamba ambaye hayupo. Hayo ukiyafanya, utaiona pikipiki yako kama mpya, na ng'ombe hawatajua kuwa umefika.

Utamu wa zile sekunde usiuonee haya. Miaka arobaini na mitatu si kaburi. Kama damu bado inachemka, tafuta uwanja wanaofundishia uendeshaji, kakimbie huko mchana kweupe, peke yako, na mwalimu pembeni, hakuna gari la maziwa wala mume mgongoni. Mwanamke anayejua kushika breki kwenye kona ni dereva. Yule anayejua kufungua mafuta tu ni abiria aliyekaa mbele.

Kasi usimchukie. Kijana aliogopa, nawe umeandika mwenyewe kwamba midomo ilimkauka. Anataka uweke pistoni kwa sababu usipoziweka itabidi akubali kuwa mzaha wake ndio uliowafikisha kaka na shemeji yake shambani. Mwite, mwambie hayo bila hasira, halafu mwambie aende akazikague breki zake na yeye. Ataenda, nakuhakikishia.

Na mume wako hajakususa. Mtu aliyesusa haketi kwenye tuta akafanya utani. Ila na yeye namgombeza, asomewe haya kwa sauti: bwana fundi, kusema mara tatu wiki ya kwanza kisha kunyamaza miezi mitatu si uungwana, ni kumwachia mwenzako kosa akue nalo. Mke akiwa hasikii, mguse bega asimame. Na neno "amua wewe" siku nyingine likae kwenye rangi ya vifungo, si kwenye jambo ambalo na wewe umelikalia.

Basi fanya hivi. Ijumaa nenda ofisi ya vifurushi, saini zirudishwe, usifungue hata boksi, ukilifungua utashawishika. Ekzosi na chujio la zamani, kama fundi wa Kasi bado anavyo, vichukue vyote, na sproketi, na kompyuta irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Usipande hiyo pikipiki, wala usimpakie mtu, mpaka fundi mwingine, si yuleyule, amekagua usukani na fremu baada ya kuanguka; ibebwe kwa gari mpaka kwake.

Jumamosi asubuhi nendeni kwake wote wawili, kwa miguu au kwa basi. Na fundi atakapotoka kwenye banda lake akauliza mnataka iweje, wewe nyamaza. Mwache mume wako ajibu kwanza.