Chokoleti za Mpiga Lipu

Jumapili, 14 Desemba

Binti yetu kapiga simu. Wanakuja mkesha wa Krismasi, yeye na mumewe na mjukuu. Mjukuu akadaka simu, akamuuliza bibi yake kama keshaanza kutengeneza chokoleti zake za kila Krismasi. Mke wangu akanisukumia simu kama imemuunguza. Nikasema mimi — zipo njiani, babu.

Zipo njiani! Nani kanituma?

Tangu ile homa ya mwezi wa sita imwondolee harufu na ladha, mke wangu haingii jikoni ila kuchukua maji ya kunywa. Daktari alisema huenda zikarudi, huenda zisirudi. Yeye kasema hapiki asichoweza kuonja, hatalisha watu kwa kubahatisha. Basi tunakula ninachopika mimi. Yeye hasikii ladha yake — hiyo ndiyo bahati yake.

Namkumbuka, na tunaishi nyumba moja. Namtaka arudi pale jikoni anifokee kama zamani.

Jumanne, 16 Desemba

Nimetoka kazini na chokoleti ya kupikia. Sufuria ya maji motoni, bakuli juu yake, chokoleti ndani. Ikayeyuka laini, nikajisifu. Halafu ikaanza kuwa nzito. Sasa mimi ni mpiga lipu, nimezeekea kwenye lipu. Lipu ikiwa nzito unafanya nini? Unaongeza maji.

Nimeula wa chuya. Ikashikana palepale, mabonge matupu. Nikaongeza tena. Hapo maji yakazidi unga kwelikweli.

Mke wangu akauliza kutoka sebuleni mbona kimya. Nikasema kazi inaendelea.

Alhamisi, 18 Desemba

Lile rojo vijana wa kazini wamelichovyea mkate. Wanasema fundi, lete tena. Hao hata saruji wangekula.

Jioni mke wangu kasema, macho yake kwenye televisheni, kwamba chokoleti haitaki hata tone la maji. Kumbe alisikia bomba likifunguliwa juzi, akaniachia niumbuke! Nikaona upenyo. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akanijibu koleo lililovunjika si langu, nisimpigie methali.

Jumamosi, 20 Desemba

Bila maji leo. Nimemimina kwenye trei za barafu. Zimetoka, lakini zina madoa meupe kama ukuta unaotoa chumvi. Nikagonga moja kwa kifundo cha kidole, mazoea tu — lipu isiyoshika ina mlio wake. Nikaivunja.

Sebuleni: hiyo haijakamata.

Nikauliza umejuaje. Akasema imekatika kimyakimya. Ikikamata inalia. Umeipoza vibaya.

Nimekaa chini. Mimi kuta zote nazijua kwa kugonga, sihitaji kuzilamba. Na yeye masikio yake mazima!

Jumapili, 21 Desemba

Nimembebea bakuli la chokoleti iliyoyeyuka hadi sebuleni. Akanitazama kama nimeingiza mchanga kwenye zulia. Nikasema mdomo na masikio unayo, ulimi nitakuazima wangu. Akasema huo ulimi wako haujawahi kuwa na akili. Lakini akachovya kidole, akajigusisha mdomo wa chini. Moto bado. Kakoroge.

Nikakoroga, nikarudi. Bado. Nikarudi tena. Sasa imepoa mno, ipashe, kidogo tu. Nimekwenda na kurudi mpaka magoti yakalalamika. Mwishowe akasema utanimwagia kwenye zulia, hebu nipishe.

Akainuka. Akaingia jikoni mwenyewe. Nilimfuata nyuma na bakuli, sikuthubutu hata kukohoa.

Zimelia. Tak! Zinang'aa hata ukizitazama toka mlangoni.

Jumanne, 23 Desemba

Kaenda dukani mwenyewe kununua karatasi za kufungia. Nikakaanga karanga za kutia ndani. Nadhani nimetia chumvi, nikasahau, nikatia tena. Karanga nyingine hakuna. Nimenyamaza. Wakilalamika nitasema ndiyo mtindo wa siku hizi.

Tumemimina pamoja. Mpaka siku inaisha hajaonja kitu. Nilimpa, akasema ya nini kumpotezea mtoto chokoleti yake.

Jumatano, 24 Desemba

Binti katuma ujumbe, wameshafika stendi. Naandika kwenye kona ya meza ya jikoni kwa kuwa nimekatazwa kushika chochote. Bibie anafunga chokoleti kwenye karatasi. Kila moja anaipanga, na mara mojamoja anaivunja nyingine karibu na sikio kuhakikisha. Nimemwambia ukaguzi huu utamaliza mali. Kaniambia nifunge domo.

Sasa kavunja nyingine. Tak. Nusu kaiweka mezani. Nusu kaitia mdomoni.

Sikumwomba.

Anatafuna polepole, anatazama dirishani. Uso hausemi kitu. Natamani kuuliza, naogopa kuuliza.

Kasema — wewe, karanga hizi umezitia chumvi mpaka basi.

Kalamu imenitoka mkononi. Chumvi ile sikumwambia mtu, naapa. Labda kabahatisha. Labda kanisoma usoni, ananijua huyu. Nimemuuliza umejuaje. Macho yake yamejaa machozi, na mkono umechukua ile nusu nyingine.

Mjukuu anagonga mlango kwa ngumi zote mbili, anaita hodi, bibi, hodi. Hakuna kati yetu anayekwenda kufungua. Bibi yake bado anatafuna, kaninyooshea kidole — ngoja kwanza