Asubuhi Uliyonikataza Kukuita Baba

Kwako baba uliyetangulia,

Mikorosho yako imechanua vizuri mwaka huu. Baba Mdogo ndiye anayeipalilia. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu najua ungeiuliza kwanza. Kazi yangu hukuwahi kuiuliza. Ulijua mimi ni mhudumu wa wodi hospitalini Mtwara: natandika vitanda, namwaga mikojo, nawalisha uji wasioweza kushika kijiko, nawaosha na kuwageuza wasioweza kujigeuza ili wasipate vidonda. Kwako hiyo haikuwa kazi ya mwanamume.

Kisha ukapatwa na kiharusi, wakakuleta wodini kwangu. Siku nne ulikubali kuoshwa na mwenzangu Selemani tu. Nikikusogelea na beseni, unageuza uso ukutani. "Mtoto haoni uchi wa baba yake," ulimwambia, nami nasikia. Sikukulaumu. Nilimwosha mzee wa kitanda cha pili huku nikisikiliza unavyopumua.

Siku ya tano Selemani alikuwa mapumzikoni, na shuka lako lilikuwa limechafuka.

"Ita mwingine."

"Leo niko peke yangu, baba."

Uligeuza uso ukutani mpaka wagonjwa wenzako wakamaliza chai. Halafu ukasema kwa Kimakonde, taratibu, ulimi ukiwa mzito: "Basi usiniite baba. Niite unavyowaita wengine."

Nikavuta pazia, nikavaa glovu. "Mzee, nakugeuza kidogo. Mzee, maji ni ya vuguvugu." Nilikuosha mgongo, mapaja, mpaka nyayo zako zilizopasuka kwa shamba. Nilikuwa nimeosha mamia ya watu, lakini siku ile nilijaribu joto la maji mara mbili. Ulifumba macho muda wote. Nilipokufunika shuka safi ukayafumbua, ukanitazama.

"Kaa hapa, mwanangu."

Nikakaa, ingawa wagonjwa wawili walikuwa wananisubiri.

Uliruhusiwa, ukarudi nyumbani, na haukupita muda ukafariki. Nilikuwa zamu ya asubuhi, simu nimeiacha kwenye kabati la nguo. Nilipofika kijijini jioni, walikuwa wameshakuzika. Kaburi lilikuwa bado bichi. Wapwa zako walikuwa wamekuosha na kukuvika sanda bila mimi. Jambo hilo linaniuma hadi leo, sitakudanganya.

Baada ya matanga Baba Mdogo alinisindikiza barabarani. Akaniambia kwamba tangu utoke hospitali, kila aliyekuja kukujulia hali ulimweleza, hata asipouliza: "Kule aliyeniosha ni mwanangu. Hakunionea kinyaa." Ulimweleza muuza samaki, ukamweleza imamu. Mimi hukuniambia.

Laiti ungeniambia, baba. Lakini neno lako nimelipokea hivyohivyo, kwa mdomo wa mdogo wako, na ndilo ninaloingia nalo wodini kila asubuhi.

Mungu akulaze pema.

Mimi, mwanao
Rahaleo, Mtwara