Nilivyopita Nyumbani kwa Mama Mkwe Nikiwa na Kaptula

Buswelu, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba shikamoo, maana najua amekaa hapo pembeni anasikiliza unavyosoma. Goti lako linaendeleaje? Kahawa mmeshaianua, au mvua imewawahi? Sisi huku wazima, ila mimi natembea kama bata. Juzi simu ilikatika pale pale ulipouliza, "Kwa hiyo ulifika?" na tangu hapo nikipiga hupatikani. Nimeona niandike, shemeji yangu anakuja Muleba atakuletea.

Mama, nilifika! Kilomita mia moja, kwa miguu yangu mwenyewe!

Unakumbuka nilianza kukimbia ili nipunguze mwili baada ya kumzaa Kabula. Basi ikawa kila nikifika mwisho wa njia natamani kujua kilima cha mbele kina nini. Niliposikia kuna mbio zinaanzia Kamanga, ng'ambo ya maji, zinafuata ziwa hadi mbali kisha zinarudi, nilijiandikisha kabla hata ya kumwambia Deus. Mume wangu alicheka tu. Kazi ikawa kwa mama yake.

Nyumba ya mama mkwe iko kando kabisa ya barabara ile. Akapiga simu.

"Mama Kabula, nimesikia. Kimbia utakavyo, lakini usipite mbele ya nyumba yangu mapaja nje."

"Mama, njia ni hiyo hiyo moja."

"Basi usikimbie."

Nililia, Mama. Deus akashauri nifunge kanga juu ya kaptula. Nikajaribu mazoezini, ikanizonga, nikaanguka kifudifudi mbele ya kina mama wauza nyanya. Nikasema nitapita nilivyo, liwalo na liwe.

Tuliondoka Kamanga alfajiri, ziwa limetulia, hewa ya baridi. Nilikuwa na furaha mpaka naimba! Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walitupungia mikono, watoto wakatusindikiza huku wanacheka. Nilikimbia na mwalimu mmoja wa kike wa Butimba, mcheshi, tunapiga stori kana kwamba tunaenda sokoni. Nilipopita kwa mama mkwe mlango ulikuwa umefungwa. Nikamshukuru Mungu.

Lakini jua likapanda, na barabara ile haina mti. Tulipogeuza kurudi, tumbo langu likagoma. Kila nilichokunywa kilirudi. Mwalimu akaniacha. Misuli ikaanza kukaza, nikawa nakokota miguu, nikajisemea gari la kuokota waliochoka likipita tu, napanda.

Ndipo nikaona bati la bluu la mama mkwe. Safari hii mwenyewe alikuwa amesimama barabarani, kitenge mkononi, majirani nyuma yake. Nikataka kupiga goti nimwamkie kama inavyopasa. Goti likakataa. Nikaanguka mavumbini, nikamwamkia nikiwa nimelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikangoja anifunike na kile kitenge. Mama, alikichovya kwenye ndoo ya maji akanizungushia kichwani! Nilitetemeka hadi kwenye kucha.

"Bado mbali?"

"Mbali, mama. Siwezi tena. Nasubiri gari."

"Gari la nini? Wanawake wangapi wamekutangulia?"

"Wawili."

"Huyo wa pili nimemwona. Anachechemea kuliko wewe."

Akaninywesha uji mwepesi wenye chumvi, kijiko kimoja kimoja, kama ninavyomlisha Kabula. Ukatulia tumboni. Mzee mmoja jirani akaanza, "Lakini mke wa Deus, mavazi haya..." Mkwe wangu akamgeukia. "Wewe umewahi kukimbia hata hadi kisimani? Basi tuache." Kisha akanishika makwapani, akaninyanyua. "Nenda. Nitakukuta Kamanga."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilianza kwa kutembea, nikaharakisha, nikakimbia. Mwalimu nikamkuta ameketi anapasua malengelenge. Nikamnyooshea mkono twende wote, akanisukuma. "Nenda dada, usinipotezee muda!" Huku tunacheka wote wawili, tena tunalia. Karibu na mwisho bodaboda ikanipita, nikasikia vigelegele. Ni mama mkwe, amekaa upande, anapunga kitenge kama bendera.

Nimekuwa mwanamke wa pili, Mama! Wa pili kati ya wanawake wote! Deus alininyanyua juu mpaka nikamwomba anishushe, mbavu zinauma.

Lakini sikiliza hili. Tulipopanda kivuko kurudi mjini, nilishindwa kuinama. Mama mkwe akachuchumaa mbele za abiria wote, akanivua viatu kwa mikono yake. Alipoona vidole vyangu, akaiweka miguu yangu mapajani pake, akaishikilia hadi tukafika ng'ambo. Mimi nilitazama maji tu, maana ningemtazama yeye ningelia tena.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe. Bibi mwambie sijakonda, nimekaza. Shangazi wa kwaya mwambie anitolee shukrani kanisani Jumapili, ataje jina langu lote. Na wewe Mama, najua uliniombea japo ulikataa kusema.

Naishia hapa kwa sababu Deus amesema leo anapika ndizi yeye, eti kupika chakula chetu Wahaya hakuna ugumu, na mimi nanusa zinaungua, lakini sina miguu ya kwenda kumwambia.

Binti yako akupendaye,
Koku