Kompyuta ya Shemeji Niliyoifumua

Mpendwa mshauri, fundi wa kompyuta aliniambia jana asubuhi kwamba mashine aliyoniletea shemeji haitapata intaneti mpaka niiwekee programu ya siri ya kampuni iliyotengeneza kadi yake ya mtandao, na hapo ndipo ninapoomba msaada, maana mimi ni fundi cherehani, na miaka mitatu iliyopita programu niliyochorea michoro ya kukatia nguo ilifungwa na wenyewe, kazi yangu ya miaka tisa ikabaki humo ndani siioni wala siigusi, nikaapa kutumia programu huria tu, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha na kumgawia mwenzake. Shemeji, mdogo wa mume wangu, anauza kompyuta, akanipa hii niijaribu wiki mbili, mwisho Jumamosi hii, nikaikagua kama kitambaa, kioo safi, vitufe laini, nikaridhika. Baada ya maneno ya fundi udadisi ukanizidi, nikafungua skrubu kama ninavyofumua koti la mtu nijue lilivyoshonwa, na kibandiko cha dhamana kikachanika. Nimekibana na gundi. Shemeji kwenye simu anasema, "Shemeji, kompyuta ni kompyuta. Weka hiyo moja tu, nani atakuona?" Je, niweke? Na kadi ndogo kama kifungo cha shati ina siri gani kubwa hivyo?

Fundi Cherehani, Ghorofa ya Pili

Fundi, hiyo gundi haimdanganyi mtu anayeuza mashine hizo kila siku. Mwambie mwenyewe kabla hajaiona.

Ndani ya kadi hiyo kuna kompyuta nyingine ndogo, inayosubiri maagizo ya aliyeitengeneza, na maagizo hayo hakuna anayeruhusiwa kuyasoma. Ukiyaweka, intaneti itafanya kazi, sikufichi. Siku kampuni ikiacha kuyatunza, utakaa tena ulipokaa na michoro yako. Shemeji anauliza nani atakuona. Wewe uliza nani atakufungulia.

Ila umenishangaza. Hukati kitambaa kabla ya kukilowesha uone kama kitanywea, halafu kompyuta unaipapasa juujuu na kuridhika! Mfumo wako huria wa kuendeshea kompyuta uweke kwenye flashi, uwashe mashine kwa flashi hiyo, kisha ujaribu sauti, kamera, hata printa yako. Kitakachogoma ukijue sasa.

Kadi hubadilishwa, na zipo zisizodai siri yoyote. Muulize fundi wa kompyuta kama mashine hii inakubali kadi ngeni, kwa kuwa mashine nyingine hukataa. Ikikubali, badilisha, ubaki nayo. Ikikataa, irudishe, hata kama kioo chake kinang'aa. Shemeji akinuna kwa ajili ya kibandiko, ana haki; mshonee suruali, myamalize.

Wiki zako mbili zinaisha Jumamosi. Mpigie shemeji leo. Ijumaa saa nne asubuhi uwe kwa fundi wa kompyuta, flashi mkononi.