Nilichomwambia Mjukuu Wangu Katikati ya Fainali

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Muleba, 16/06/2025

Jina: Edvina Kaijage. Umri: miaka 67. Dini: Mkatoliki. Kazi: mkulima wa migomba na kahawa. Makazi: Rubya.

Mimi ni bibi yake Alistidia, miaka 13. Nimemlea mimi.

Mnamo tarehe 14/06/2025, saa 5:20 asubuhi, niliingia katika ukumbi wa hapa Muleba, kwenye fainali ya sataranji ya vijana. Nilichelewa kwa sababu ya bodaboda ambaye nina maneno naye. Alistidia alikuwa anacheza na Rwekaza, kijana wa Kashai, Bukoba. Aliponiona aliinuka, akaja kupiga magoti na kunisalimu. Kwetu mtoto hamtazami mkubwa akiwa amekaa.

Mchezo wenyewe siujui, ila mwanzo wake naujua, maana huurudia kila jioni jikoni nikimenya ndizi. Zile kete ndogo mimi naziita watoto. Anasogeza mtoto wa mbele ya malkia, kisha anamtoa wa jirani ili aliwe. Yeye anasema ni mtego. Mimi nasema ni kutupa mtoto wa watu, na tumeshagombana sana.

Siku hiyo nilichungulia mezani nikaona ameshamtoa. Nikamwambia kwa Kihaya, "Mrudishe nyumbani."

Akasema, "Hapana, bibi," akarudi kitini. Rwekaza akamla yule mtoto. Saa 6:45 mchana Alistidia akashinda.

Hapo Bwana Aristides, baba yake Rwekaza, akasema nimemwelekeza mjukuu wangu. Alichukua kombe akalifungia ndani ya gari lake. Mwamuzi, Mwalimu Shaban, hajui Kihaya. Alisema jambo hili lisiponyooka, ushindi utafutwa na Alistidia hataenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa.

Bwana Aristides alisikia vizuri, simsingizii. Nilimwelekeza, ingawa leo nimeambiwa kete ile hairudi nyuma kabisa. Kama ni kosa, niadhibiwe mimi. Jikoni tunabishana, lakini Alistidia alikuwa hajawahi kukataa agizo langu tangu aanze kutembea. Jumamosi alinikatalia mbele ya watu, na nilifurahi mpaka nikalia. Naomba apewe kombe lake.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyasema kwa kinywa changu.

Sahihi: Edvina Kaijage

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Aliomba neno "nikalia" lifutwe. Nilipochukua kalamu akasema niliache.

D/C Mwijage