Warefu wa Fundi Baridi

Kwako kitindamimba wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na lile jino limeacha kukusumbua. Mimi mama yako sijambo. Goti la kushoto linalalamika kwenye ngazi, lakini likifika kazini kwa dobi linanyamaza, maana pale ni kusimama tu, mimi na pasi yangu. Dada yako na watoto ni wazima. Yule mdogo ameanza kutembea, anashika ukuta kama mlevi anayerudi kwake.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami hukubali haraka ili tusigombane. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho. Ni habari za timu ya baba yako.

Uliponiachia ule mchezo wa kwenye kompyuta, wa kuendesha timu ya mpira wa kikapu, baada ya msiba, ulinipa neno la siri ukaniomba jambo moja: nisimwambie mtu yeyote kule mchezoni kwamba mwenye timu amefariki. Ulisema hukuwahi mazishi, na kwamba kila Jumamosi, mechi inapoanza, ukifungua kule uliko na kuona jina lake la mchezoni, Fundi Baridi, lina taa ya kijani kama mtu aliyepo, unapata nguvu ya wiki nzima. Nilikuahidi. Mama gani angekataa?

Basi nikaingia kwenye ile stoo ya baba yako, katikati ya friji za watu alizokuwa akizitengeneza, zisizo na milango, nikawasha kompyuta. Kwenye kiti bado kuna mto alioukunja mara mbili kwa ajili ya mgongo. Sijaukunjua.

Timu yenyewe, mwanangu, ilikuwa imebana matumizi kama nyumba yetu wakati ule nyote mlikuwa shuleni. Hazina karibu tupu. Wazee wawili wanavuta mishahara minono, na vijana watatu warefu kama nguzo, walionunuliwa kwa bei ya kutupa. Mrefu kuliko wote baba yako alimwita Mlingoti. Kilichonishangaza ni mpangilio. Hao warefu wote walicheza nyuma kabisa, nafasi ya mchezeshaji anayeleta mpira na kugawa pasi, halafu vizee vifupi vilikuwa chini ya kikapu vikirukaruka. Nikasema maskini mume wangu, homa ilimzidi, alikuwa hajui anachobonyeza.

Nikapanga upya kwa kimo, kama ninavyopanga mashuka, makubwa chini na madogo juu. Tukashinda kwa mbali. Wewe mwenyewe ulinipigia ukipiga kelele, ukaniita kocha. Yule mwenzangu wa kukunja nguo, ambaye mdomo wake haujui mapumziko, akawatangazia wateja kwamba mashati yao leo yananyooshwa na bingwa.

Kisha ikaja taarifa ya mazoezi. Vijana hawakuongeza hata chembe. Aliyeongeza ufundi wa pasi ni mzee mmoja aliyebakiza msimu mmoja astaafu! Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa sakafuni, na pale sakafuni ndipo nikaelewa. Kila wiki unaruhusiwa kufundisha ufundi mmoja tu, na anayejifunza ni yule aliyecheza kwenye nafasi yake. Wiki ya pasi, wanaofaidika ni wachezeshaji. Timu tajiri hununua mchezaji aliyekwisha kuiva. Baba yako hakuwa na uwezo huo, kwa hiyo alichukua watoto warefu ambao hakuna aliyewataka, akawafundisha kwanza kazi ya wafupi, huku akifungwa na kuchekwa, kwa sababu mrefu anayejua kugawa mpira ni wa kutafuta kwa tochi. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Niliyechanganyikiwa ni mimi.

Nikawarudisha nyuma vijana wake. Wale wazee wawili nikawauza ili mishahara yao iwalishe watoto, na moyo uliniuma kama ninawafukuza wapangaji. Tukaanza kufungwa. Kwenye ule ukumbi ambapo wenye timu huandikiana, mmoja anayejiita Kinyozi, na kweli ni kinyozi, akaniuliza kama twiga wangu wamepotea njia. Mwingine, mwalimu wa hesabu, akasema Fundi Baridi sasa anagandisha timu yake mwenyewe. Nikawajibu kwamba twiga anaona mbali, wao waendelee na majani ya chini. Unaona mama yako alivyoota mdomo.

Unakumbuka baba yako alivyokuwa akiniita kutoka stoo, nami mikono imejaa povu la vyombo? "Amepanda! Amepanda!" Kijana ameongeza kiwango, anashangilia kama mtoto ameota jino. Nilikuwa nakuja, nasema ehee, vizuri, narudi kwenye masufuria yangu. Jioni moja Mlingoti aliongeza pasi, nikajisikia ninaita kwa sauti, "Amepanda!" Nikageuka kumtazama wa kumwambia.

Msimu ulipokaribia kwisha niliwasogeza vijana chini ya kikapu, mahali pa warefu. Mwanangu, ungeona. Mlingoti anadaka mpira juu ya vichwa vya watu, na kabla hawajashuka chini ameshampa mwenzake. Tulimfunga mwalimu wa hesabu mpaka akasema hesabu zake zina kasoro. Kinyozi naye tukamfunga. Sijawahi kuwa na uhakika na kitu kama nilivyokuwa na wale watoto.

Baada ya mechi hiyo Kinyozi aliniandikia pembeni, na safari hii hakuleta utani. Alisema hongera, kisha akauliza kama kile kifua kimepona, maana Fundi alimgusia zamani kwamba kinambana. Akasema ameona kuwa siku hizi Fundi hamtaji tena mkewe. Zamani hazikupita siku mbili bila kusema subiri kidogo, mama watoto ameleta chai. Akauliza kama shemeji yake hajambo.

Alikuwa ananiulizia mimi. Mtu ambaye hajawahi kuniona alikuwa na wasiwasi na mimi, anamwuliza marehemu.

Nikaanza kuandika kwamba mke hajambo na kifua kimepona. Nikayatazama yale maneno: kifua kimepona. Wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo. Nilikishika kile kifua. Nikayafuta.

Sasa nakwambia nililofanya. Nilimweleza Kinyozi ukweli wote. Kesho yake akaandika pole ndefu, akasema siri itabaki kwake na kwamba niendelee tu. Lakini nilikuwa nimechoka kumfanya baba yako apone kila wiki, halafu nazima kompyuta namkuta hayupo. Nikawaandikia wasimamizi wa mchezo. Walinijibu kwa upole kwamba timu hairithiwi. Wakaniruhusu nimalizie mechi ya mwisho, tukashinda, wakaifunga. Wachezaji wote wamepelekwa mnadani.

Kwa hiyo Jumamosi ukifungua, ile taa hutaiona. Usihangaike na mtandao. Nimeizima mimi mama yako, kwa mkono wangu, na ahadi niliyokupa nimeivunja nikijua. Kasirika, una haki. Ila nisikilize. Nilikuacha uiegemee ile taa kwa sababu na mimi nilikuwa naiegemea. Dada yako amelia. Mimi nimelia kwenye mvuke wa pasi, hakuna aliyejua machozi ni yapi na jasho ni lipi. Wewe hujalia, mwanangu. Wewe unanipigia kuniuliza matokeo.

Nimefungua timu yangu, kwa jina la Bibi Dobi. Nilijaribu kumnunua Mlingoti mnadani. Nilipandisha bei mpaka hazina yangu changa ikakauka, na Kinyozi akanipita. Alinunua kwa haki, naye aliniambia kabla kwamba hataniachia kwa huruma, maana Fundi mwenyewe asingemwachia. Nilimpongeza. Kisha nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku iliyofuata nilirudi sokoni. Nimepata watoto wawili warefu, hawajui hata kudundisha mpira, bei yao ni aibu kuitaja. Jumamosi tunacheza mechi ya kirafiki na Kinyozi, na Mlingoti atakuwa upande wake. Tutafungwa, na tutafungwa vibaya. Nimekwisha kuwapanga wangu wote wawili nyuma kabisa, walete mpira, na wiki hii ni wiki ya pasi. Kinyozi ameshaanza kuuliza twiga wapya nimewaokota wapi. Acha acheke. Kazi hii naijua sasa.

Jumamosi hiyo nipigie, mwanangu, lakini matokeo usiniulize. Nipigie tumzungumzie baba yako. Nitakueleza siku yake ya mwisho ilivyokuwa, yote, hata yale uliyoniambia hutaki kuyasikia, na ukishindwa kuongea, usikate simu. Nami sitakata.

Dada yako anakusalimu, watoto wake wanakusalimu, na mwenzangu wa kukunja anasema ukija ulete mashati yako, tutayanyoosha bure. Vaa sweta asubuhi, usijifanye kijana sana.

Ni mimi anayekuwaza kila siku,

Mama yako