Njumu za Taratibu

Jumapili, 3 Machi

Binti yangu amepiga simu. Alinisalimia kirefu mno, mpaka akauliza habari za jokofu – hapo nikajua kuna neno. Akalitoa: Taratibu anauzwa.

Taratibu ni farasi jike wa mjukuu wangu. Jina ni utani, maana hajawahi kufanya lolote taratibu. Walipohamia mjini kwenye ghorofa waliniachia mimi, kwa kuwa nina ua mkubwa na banda lililokuwa la ng'ombe, na kwa kuwa nimestaafu. Mwalimu wa fizikia akistaafu hana la kufanya, ndivyo walivyodhani. Hawakukosea. (Naeleza haya kana kwamba kuna mtu atasoma. Mazoea ya darasani.)

Sasa mjukuu anakwenda kusoma ng'ambo. Jumamosi atampanda mashindanoni kwa mara ya mwisho, kuruka vizuizi kwenye uwanja wa nyasi. Kuna mnunuzi atakuja kutazama. Taratibu akimaliza mzima, anamchukua.

Na akichechemea? nikauliza. Swali la kitaalamu tu.

Binti akacheka. Akichechemea hata kidogo, Baba, nani atamtaka? Atabaki huko kwako, mzeeke nyote wawili.

Nikacheka na mimi. Simu ilipokatika niliendelea kuishika sikioni. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Jumanne, 5 Machi

Fundi wa kwato amekuja kutoboa viatu. Ni mtu wa maneno. Anasema yeye ndiye fundi viatu pekee ambaye mteja wake hajawahi kulalamika kwamba vinabana – "isipokuwa kwa teke, mwalimu."

Kiatu cha farasi ni chuma kitupu. Kwenye nyasi zenye maji chuma hicho huteleza kama sabuni. Mwaka jana mjukuu alianguka naye hivyohivyo, kwenye kona, akavunjika mtulinga. Kwa hiyo safari hii kila kiatu kimetobolewa matundu mawili upande wa nyuma, huku na huku, nayo matundu yamechongwa mizunguko ndani kama ya skrubu. Siku ya mashindano unafunga njumu, meno ya chuma kama yale ya chini ya viatu vya wachezaji mpira, ila hizi unazikaza kwa spana.

Kazi yenyewe si kukaza. Kazi ni kuchagua. Ardhi ikiwa ngumu, unaweka njumu ndogo zenye ncha, zichome nyasi kidogo tu. Ikiwa tope, unaweka kubwa butu. Fundi anasema wengi hukosea palepale: mtu akishateleza mara moja, anaogopa, basi anafunga kubwa kila mahali. Kwenye ardhi ngumu njumu kubwa haizami. Farasi anabaki amesimama juu yake. "Kama dada mwenye visigino virefu kwenye lami, halafu unamwambia ruka ukuta!" Kishindo chote kinapanda kwenye kifundo. Siku hiyohiyo huoni kitu. Kesho yake anaamka anachechemea.

Nilimwomba akae tunywe chai. Akasema ana farasi wengine wanamngoja. Nikamuuliza maswali ambayo majibu yake nayajua. Akayajibu mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari.

Jumatano, 6 Machi

Nimeziba matundu kwa pamba yenye mafuta, yasiingie uchafu. Mgongo unalia.

Wakati nikifanya kazi nilimweleza Taratibu habari za msuguano. Alisikiliza vizuri kuliko kidato cha tatu.

Hakuna mwingine niliyezungumza naye leo. Jioni nilipomsalimia muuza duka sauti ilitoka na kutu, akaniuliza kama nina mafua.

Alhamisi, 7 Machi

Ujumbe kutoka kwa mjukuu: "Babu jmosi weka zile kubwa. Staki kuteleza tena!!"

Nikaanza kumjibu. Nikaeleza aina za udongo, uzito wa farasi, na kwa nini usalama haupimwi kwa urefu wa njumu. Vidole vyangu si vyepesi, nilichelewa sana. Akanirudishia picha ya kidole gumba. Sina hakika kama alisoma.

Halafu likanijia wazo ambalo sikulialika. Ameagiza mwenyewe. Kwa maandishi! Nikimtii, nani atamlaumu babu mtiifu? Mvua haijanyesha vya kutosha, ardhi ya uwanja ule ni kama sakafu. Njumu kubwa, raundi moja, vizuizi kumi na kitu. Hatavunjika. Ataumwa miguu tu. Wiki chache za kumkanda kwa maji baridi, na kazi hiyo naiweza.

Nimelifukuza. Limekaa nje ya mlango.

Ijumaa, 8 Machi

Wamefika! Mabegi, viatu mlangoni, bomba la bafuni linafunguliwa na mtu ambaye si mimi. Nilipika chakula kingi, wakala kidogo.

Binti anasema, Baba, sasa utakuwa huru. Hutabeba tena ndoo alfajiri, hutaloa, hutapigwa teke. Utalala mpaka uchoke. Anasema kwa upendo, najua. Anataka nihamie kwao mjini. Nimeuliza kama ghorofani kwao kuna ua. Akasema, "Baba jamani."

Mjukuu alikwenda bandani peke yake. Nikapita na nyasi kavu, nikamsikia akimwambia farasi, usinichukie, eti. Nilirudi kinyumenyume na nyasi zangu.

Baada ya chakula kila mmoja alikuwa chumbani na simu yake. Watu watatu ndani ya nyumba, na bado nasikia jokofu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika uwanjani, vipandevipande.

Manyunyu tangu asubuhi. Nyasi zinang'aa, kila mtu anasema leo tope. Nikachoma ardhi kwa mpini wa spana. Ukazama kiasi cha ukucha, ukagoma. Juu maji, chini sakafu.

Mjukuu amevaa kofia, midomo imekauka. "Kubwa, Babu. Tafadhali."

Nikasema sawa.

Sawa! Mimi, ambaye mtu akiniuliza saa namweleza mzunguko wa dunia. Nikasema sawa na nikanyamaza. Nikachomoa pamba, nikafunga kubwa miguu ya mbele. Nilizikaza vizuri kama siku zote, na hilo ndilo lililonitisha. Mnunuzi alikuwepo karibu. Nilitaka awe mtu wa hovyo. Akanipa shikamoo, akamwacha Taratibu amnuse kwanza kabla ya kumgusa. Si mtu wa hovyo.

Nikainua mguu wa nyuma. Taratibu akafanya anavyofanya siku zote: akaniegemea. Akaniachia uzito wake, akafumba macho. Hakuwa na shaka hata chembe.

Nikauteremsha mguu. Nikarudi mbele, nikaanza kufungua.

"Babu! Unafanya nini? Wanatuita!"

Nikamwambia chini ni pagumu. Kubwa zitamuumiza miguu. Ndogo zitamshika, usikate kona kwa pupa.

"Una uhakika?"

Nina uhakika.

Akanitazama. Nadhani alishtuka kwamba nimemaliza kueleza. Akasema, haya, fanya haraka basi, babu yangu.

*

Amemaliza! Hakuteleza. Kwenye ile kona mwenzao aliyetangulia alikwenda magoti; Taratibu akapinda kama amefungwa kamba kwa chini. Hakuna kizuizi kilichoanguka. Nafasi ya pili! Mjukuu amelia shingoni mwake, mama yake amepiga picha, mimi nimepiga kelele mpaka mzee mwenzangu wa kando akaniuliza kama nimemwekea dau.

Mnunuzi aliomba atembezwe mbio ndogo kwenye njia ya udongo. Akasimama amefumba macho, anasikiliza. Nami nikasikiliza. Mapigo ya kwato sawasawa, sawasawa. Nilingoja moja lichelewe. Halikuchelewa.

*

Nilidhani ni Jumatatu. Niliambiwa, au nilijiambia, kwamba atakuja kumchukua Jumatatu, kwamba kuna Jumapili nzima katikati. Lakini mnunuzi amekuja na gari la farasi. Anasema kwa nini tumsumbue mzee na safari nyingine. Binti akanigeukia: si ndiyo afadhali, Baba?

Nikasema ndiyo.

Ila farasi hasafirishwi na njumu miguuni. Gari likiyumba anatafuta pa kukanyaga, anajikanyaga mwenyewe, anajichana. Hilo kila mtu hapa analijua, sikuhitaji kulieleza. Lazima zitolewe kwanza, na spana ninayo mimi.

Nimetoa za miguu mitatu. Kisha nikasema mgongo. Si uongo, unauma kweli. Binti amenigeuzia ndoo nikalie, mnunuzi anasema hakuna haraka, mzee wangu, pumzika. Mlango wa gari umeshushwa. Ndani kumetandazwa majani makavu, mengi, safi. Hata mimi nisingeweka vizuri zaidi.

Mjukuu aliomba spana amalizie yeye. Nikamwambia ukikaza au kufungua mshazari, ile mizunguko ya ndani inaharibika, kazi hii inataka kufundishwa kwanza. Akasema nifundishe basi. Nikasema ngoja nipumue. Amekwenda kuniletea maji. Anarudi sasa, namwona, kikombe mkononi, anatembea polepole asimwage.

Umebaki mguu wa nyuma, wa kushoto. Naandika ili nionekane nina shughuli. Taratibu amegeuza shingo, ananitazama. Anajua kazi haijaisha. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwambia, ameuinua mguu mwenyewe. Ameuinua na ananingoja